Mvua ya Alasiri, Uchafu wa Yadi

Gereji, vituo vya mafuta, masoko na viwanda vya Kakamega huoshwa na mvua karibu kila siku ya masika. Maji hayo hushuka hadi mito ya Isiukhu na Nzoia, kisha Ziwa Victoria. Katiba imeipa kaunti jukumu la mitaro, lakini kazi kubwa inaanzia ndani ya lango la mwenye biashara.

Mwenyeji wa Kakamega hahitaji redio kumwambia mvua itanyesha saa ngapi. Asubuhi jua huwaka, adhuhuri mawingu hujikusanya, na ikifika saa tisa au saa kumi matone mazito huanza kugonga mabati. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda nyanda za juu na kukutana na upepo wa mashariki upande wa miinuko ya Nandi. Hewa ikisukumwa juu hupoa, na hapo ndipo ngurumo, radi na mara kwa mara mvua ya mawe huanza. Kwa mwaka mji hupata karibu milimita 2,000 za mvua, takriban mara mbili ya Nairobi.

Mkulima wa miwa au wa mahindi huishukuru mvua hiyo. Mjini, mvua ile ile huwa na kazi ya pili: inaosha yadi. Inaosha sakafu ya gereji palipomwagika oili asubuhi, simiti ya kituo cha mafuta, uwanja wa kupakia mizigo, majivu ya kiwandani, vumbi la mbao, mboga zilizooza sokoni na mchanga wa jengo linaloendelea kujengwa. Kwa nusu saa hivi, uchafu wa siku nzima, pengine wa wiki nzima, unaingia mtaroni kwa pamoja. Mvua ikikatika, yadi hung'aa, na mwenye yadi huona kazi ya usafi imefanyika bila gharama.

Gharama ipo, ila inalipwa na watu wengine. Wa kwanza ni mama anayeuza nguo kando ya mtaro uliofurika. Yupo pia mtu anayechota maji kwenye chemchemi bondeni, ipo kampuni ya maji inayolazimika kutumia shabu nyingi zaidi kuyasafisha, na yupo mvuvi wa ziwani asiyewahi kukanyaga Kakamega.

Hesabu ya nusu ekari

Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kwa kipimo hicho, mtu yeyote anaweza kujua ploti yake inatoa maji kiasi gani. Nusu ekari ni takriban mita za mraba 2,000. Mvua ya milimita 40, ambayo si ajabu hapa kwa alasiri moja, humwaga juu yake lita 80,000.

Ploti hiyo ikiwa bado ina nyasi, maji mengi huingia ardhini. Wahandisi wa mitaro hukadiria kwamba asilimia 10 hadi 35 tu ndiyo hutiririka, kutegemea mteremko na aina ya udongo. Ikishaezekwa mabati na kumwagwa lami au saruji, kiasi kinachotoka hupanda hadi asilimia 80 au 95. Hivyo ploti iliyokuwa ikitoa lita kama 16,000 sasa inatoa zaidi ya lita 70,000, yaani maboza saba ya lita 10,000 kila moja. Nayo huyatoa yote kwa haraka, kwa sababu hakuna jani wala mzizi wa kuyachelewesha.

Zidisha ploti hiyo kwa majengo yote ya biashara yaliyoota kandokando ya barabara kuu ya Kisumu kwenda Webuye, pamoja na maduka, maghala na hosteli zilizokizunguka Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro. Katika sensa ya mwaka 2019 Kaunti ya Kakamega ilikuwa na watu 1,867,579, na mji wenyewe zaidi ya 100,000. Kila nyumba mpya ina paa, na kila paa lina mahali linapomwagia maji yake. Mtaro uliotosha mji mdogo wenye bustani nyingi hauwezi kutosha mji wa mabati na kabro.

Watu wengi hulaumu takataka mtaro unapofurika, na wana haki kiasi. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Agosti 28, 2017 ilipunguza donge moja kubwa lililokuwa likiziba kalvati nchini, ingawa chupa za plastiki na vifungashio vingine bado vimejaa. Hata hivyo, mtaro uliozolewa takataka zote bado utafurika ikiwa kila ploti inausukumia maji mara nne ya yale uliyoundwa kuyabeba.

Maji ya mwanzo ndiyo machafu zaidi

Wataalamu wa maji ya mvua hutilia mkazo milimita chache za mwanzo. Mvua inapoanza baada ya siku kadhaa za jua, maji ya dakika za kwanza hubeba sehemu kubwa ya oili, vumbi na madini yaliyojilaza juu ya sakafu. Yanayofuata huwa na uchafu hafifu. Jambo hili linampa mwenye yadi nafuu kubwa: hahitaji kusafisha mvua yote ya mwaka. Akiyashika yale ya mwanzo na kuyatuliza, sehemu kubwa ya madhara atakuwa ameizuia.

Kila kazi ina uchafu wake. Kwenye gereji za jua kali, injini hufunguliwa juu ya udongo mtupu na oili chafu hudondoka hapo hapo. Fundi mwenye busara huikusanya kwenye mtungi kwa sababu ina soko: wapo wanaoipaka nguzo na mbao dhidi ya mchwa, na wapo wanaoinunua kuwashia tanuri. Ile inayomwagika ardhini haina mnunuzi. Mvua ikija, huelea juu ya maji kama utando mwembamba wenye rangi nyingi, na utando huo huzuia hewa kuingia majini.

Betri za magari ni hatari ya namna nyingine. Ndani yake mna risasi, ile metali nzito inayodhuru ubongo wa mtoto, na tindikali inayoiyeyusha. Betri iliyopasuliwa uani na kumwagwa maji yake huacha sumu ambayo mvua itaisambaza mwaka baada ya mwaka. Hata gari linalopita tu huacha kitu: vumbi la breki lina shaba, na mpira wa magurudumu unaposagika huacha zinki. Mabati yenyewe yakichakaa hutoa zinki pia.

Sehemu za kuoshea magari huongeza sabuni, tope na grisi. Vinu vya unga na masoko huongeza vitu vinavyooza. Yadi za mbao huongeza unga wa msumeno. Wajenzi, ambao kwa kawaida hawahesabiwi miongoni mwa wachafuzi, huenda ndio wanaopeleka mzigo mzito kuliko wote: udongo mwekundu wa Kakamega, laini na mwepesi kusombwa, unaotoka kwenye msingi uliochimbwa na lundo la mchanga lililoachwa wazi barabarani. Tope hilo hujaza kalvati, huzima mwanga mtoni na kufukia mayai ya samaki.

Nje ya mji kuna viwanda vya sukari, uti wa mgongo wa uchumi wa kaunti hii tangu kiwanda cha Mumias kilipoanza kusaga miwa mwaka 1973. Sukari ni chakula, na hilo ndilo tatizo lake ikiingia mtoni. Bakteria huila kwa pupa na kumaliza oksijeni iliyomo majini, nao samaki hukosa pumzi. Viwanda vya aina hii huwa na mabwawa ya kusafishia maji taka yanayotoka kwenye mitambo. Lakini mvua haipiti kwenye mitambo. Inaangukia mahali miwa inaposhushiwa, rundo la makapi, matope ya kichujio na njia ya malori ya molasi. Uwanja huo wa nje unahitaji mtaro na bwawa lake, mbali na bomba la kiwanda.

Kakamega ina kovu la zamani zaidi la viwanda. Dhahabu ilipogunduliwa hapa mwaka 1931, watafutaji walimiminika kutoka pande zote, na mgodi wa Rosterman, nje kidogo ya mji, ulichimbwa hadi mwaka 1952. Wakubwa walipoondoka, wachimbaji wadogo waliendelea, na mpaka leo dhahabu hutafutwa Rosterman, Ikolomani na Shinyalu. Wengi hutumia zebaki kuikamata dhahabu iliyo kwenye mchanga uliosagwa. Mabaki ya mchanga huo yakiachwa kwenye mteremko, mvua ya alasiri hufanya yaliyobaki. Zebaki ikifika kwenye matope ya mto hubadilika kuwa aina inayoingia mwilini mwa samaki na kujilimbikiza humo, hadi ifike sahanini.

Somo la Owino Uhuru

Anayedhani haya ni mambo ya kwenye vitabu na aitazame Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka kwenye betri chakavu kilijengwa mwaka 2007 kandokando ya kijiji cha Owino Uhuru. Moshi wake uliangukia mabati, na mvua iliposhuka juu ya mabati hayo ilibeba risasi. Maji yaliyotoka kiwandani yalipita katikati ya makazi. Watoto waliugua, wanawake wakapoteza mimba, na damu za wakazi zilipopimwa zilikutwa na risasi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mwanawe alidhurika, aliongoza kampeni iliyochangia kufungwa kwake mwaka 2014, na mwaka uliofuata akatunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman.

Mnamo Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na miongoni mwa waliotakiwa kulipa zilikuwa taasisi za serikali zilizopaswa kuwalinda. Baada ya rufaa ndefu, Mahakama ya Juu iliirejesha hukumu hiyo Desemba 2024. Kesi hiyo inazihusu moja kwa moja kaunti zote nchini, kwa kuwa imethibitisha kwamba ofisi ya umma inayotoa kibali na kisha kufumba macho inaweza kulipishwa pamoja na mwenye kiwanda.

Kutoka Isiukhu hadi ziwani

Maji ya Kakamega hayana njia nyingi za kupita. Mto Isiukhu, unaoteremka kutoka upande wa Nandi na kuambaa Msitu wa Kakamega, hupita karibu na mji, hupokea vijito vyake na kwenda kuungana na Nzoia. Nzoia nayo huteremka hadi Budalang'i, Kaunti ya Busia, na kuingia Ziwa Victoria.

Ndani ya Msitu wa Kakamega, mvua hupokewa na tabaka juu ya tabaka za majani, kisha na mboji, kisha na mizizi. Sehemu kubwa yake hutokea baadaye ikiwa chemchemi. Hatua chache kutoka hapo, mjini, mvua ya wingu lile lile hugeuka mkondo wa kahawia. Udongo ni wa aina moja na anga ni moja. Kilichobadilika ni kilichojengwa juu ya ardhi.

Watu wa Budalang'i wanaujua uzito wa maji ya juu. Kuta za udongo zilizojengwa kandokando ya Nzoia zimebomoka zaidi ya mara moja, na familia zimehamia kambini na mifugo yao. Si haki kuubebesha mji wa Kakamega mafuriko yote ya bonde lenye eneo la takriban kilomita za mraba 12,900, ambalo limekatwa misitu na kulimwa hadi kingo za mito. Lakini kila mji wa bonde hilo huongeza sehemu yake, na sehemu ya mji huja ikiwa na oili.

Kampala inaonyesha mwisho wa njia hii. Mtaro wa Nakivubo hukusanya maji ya mvua na taka za katikati ya mji na kuyapeleka kwenye ghuba ya Murchison, ziwani. Kwa miaka mingi kinamasi cha mafunjo kilikuwa kikiyachuja maji hayo kabla ya kuingia ghubani. Kinamasi kilipomegwa kwa ujenzi na kilimo, uchafu ulifika ziwani ukiwa mzima, si mbali na Ggaba ambako mji huvuta maji yake ya kunywa. Kuyasafisha kukawa kazi ngumu na ya gharama, na Uganda ikajenga mtambo mwingine mkubwa Katosi, mbali upande wa mashariki, kwenye maji safi zaidi. Fedha hizo ni sehemu ya gharama ya kuacha maji ya mji yaende yatakavyo.

Sheria zinasemaje

Kenya haina upungufu wa sheria. Sehemu ya pili ya Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 inaorodhesha kazi za kaunti, na miongoni mwake imeandikwa wazi mifumo ya kudhibiti maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa. Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 iliunda NEMA, mamlaka ya kitaifa ya kusimamia mazingira, ikaagiza miradi mikubwa ifanyiwe tathmini kabla ya kujengwa na ukaguzi baada ya kuanza kazi.

Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliweka vipimo vya maji yanayoachiwa kwenye mazingira: chembe zinazoelea zisizidi miligramu 30 kwa lita, na oili na grisi visiwepo kabisa. Kanuni hizo pia zilikataza ujenzi kwenye ukingo wa mto, kwa umbali wa kati ya mita 6 na mita 30 kutoka alama ya juu ya mafuriko. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 nayo inampa waziri wa kaunti mamlaka ya kuidhinisha au kukataa ujenzi.

Pengo liko kwenye utekelezaji, na lina sababu inayoeleweka. Mkaguzi hutafuta bomba. Kiwanda chenye bomba la maji taka hupimwa, hupewa leseni na huweza kushtakiwa. Maji ya mvua hayana bomba. Hutoka kwenye lango, kwenye mwanya wa ukuta, kwenye paa la jirani, kisha huchanganyika mtaroni na kukosa mwenyewe. Gereji ndogo mia moja zinaweza kumwaga oili nyingi kuliko kiwanda kimoja bila hata moja kuwahi kutembelewa.

Marekani ilipitia hapo. Mto Cuyahoga wa Cleveland ulishika moto Juni 1969 kwa sababu ya oili iliyoelea juu yake. Mwaka 1972 bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya maji safi iliyoyabana mabomba ya viwanda. Mabomba yaliposafishwa, ikaonekana kwamba mito bado ina uchafu, na kwamba mwingi ulitoka kwenye mvua iliyoosha yadi na barabara. Ikabidi sheria irekebishwe mwaka 1987, na kuanzia mwaka 1990 viwanda vikatakiwa kuwa na kibali cha maji ya mvua na mpango ulioandikwa wa kuyazuia yasibebe uchafu. Kakamega haina haja ya kungoja muda huo wote ili kujifunza jambo lile lile.

Kazi ya ndani ya lango

Mambo mengi yanayohitajika hayahitaji mashine za kuagizwa. La kwanza ni paa. Mahali injini inapofunguliwa, oili inapohifadhiwa na betri zinapowekwa panapaswa kuezekwa na kuwa na sakafu ya saruji yenye ukingo mdogo pembeni. Mvua isipofika hapo, hakuna cha kuosha. Ndoo ya unga wa msumeno kando ya ukuta hunyonya kilichomwagika kabla hakijasambaa, na unga huo huzolewa mkavu. Kuumwagia maji ni kuhamisha uchafu tu.

La pili ni kutenganisha maji. Mvua ya juu ya paa huwa safi kiasi, na ni upotevu kuiacha ishuke kwenye sakafu yenye oili. Paa la mita za mraba 200 mjini Kakamega, likifungwa gata nzuri, linaweza kukusanya zaidi ya lita 300,000 kwa mwaka hata baada ya kuondoa zinazopotea. Mwenye biashara ya kuosha magari anayenunua maji kila siku na afikirie maana ya tarakimu hiyo kwenye bili yake. Tangi litajaa na kumwagika wakati wa masika, bila shaka, lakini kila lita iliyomo tangini wakati mvua inashuka ni lita isiyokuwa mtaroni.

La tatu ni chemba za kutenganisha oili, ambazo kila kituo cha mafuta na kila sehemu ya kuoshea magari inapaswa kuwa nazo. Ni visima vitatu vya saruji vilivyofuatana. Mchanga hutua chini katika cha kwanza. Oili huelea juu, na kwa kuwa bomba la kuelekea chemba inayofuata huchukua maji ya chini, oili hubaki nyuma. Fundi wa ujenzi wa kawaida anaweza kuzijenga akipewa mchoro sahihi. Kinachoziua ni kusahauliwa: chemba iliyojaa tope haitenganishi chochote, na mvua kubwa ya kwanza huitapisha oili yote iliyokuwa imekusanywa. Zinahitaji kufunuliwa na kuzolewa kwa ratiba, na oili kupelekwa kwa mnunuzi.

La nne ni bwawa dogo la kutuliza maji. Kwa ile ploti ya nusu ekari, milimita 15 za mwanzo ni lita 30,000. Shimo lenye urefu wa mita 10, upana wa mita 6 na kina cha nusu mita linatosha kuzishika. Maji hukaa humo, tope hutua, kisha hutoka polepole kupitia bomba jembamba. Hapa panahitaji uangalifu, kwa maana Kakamega iko katika ukanda wa ziwa ambako malaria haikatiki. Bwawa lazima likauke ndani ya siku tatu hivi ili viluwiluwi wa mbu wasipate muda wa kukomaa. Mtaro mpana, wa kina kifupi na ulioota nyasi hufanya kazi hiyo hiyo kwa wasio na nafasi ya bwawa: nyasi hupunguza mwendo wa maji na kukamata mchanga.

Wengine watapendekeza mashimo ya kupenyezea maji ardhini. Kwa maji ya paa ni wazo zuri. Kwa maji ya gereji au kituo cha mafuta ni hatari, na Kakamega ina sababu ya pekee ya kulijua hilo. Kuanzia mwaka 1981 mradi wa ushirikiano wa Kenya na Ufini, ambao jina lake limebaki kwenye mtaa wa Kefinco, ulichimba visima na kujengea chemchemi katika eneo hili la magharibi. Familia nyingi za kaunti bado zinakunywa maji ya chini ya ardhi. Oili iliyozamishwa kwenye shimo juu ya kilima inaweza kuibukia kwenye chemchemi ya bondeni, nayo haiondoki kwa kuchemsha.

Jirani na jirani, mtaa na kaunti

Yapo mambo ambayo mwenye ploti hawezi kuyafanya peke yake. Fundi wa jua kali aliyepanga kibanda kwa mwezi hawezi kumwaga saruji kwenye ardhi isiyo yake, na si haki kumfukuza kwa kosa la kukosa mtaji. Kwa watu kama hao kaunti inaweza kujenga sakafu ya pamoja iliyoezekwa, yenye chemba moja kubwa na mapipa ya oili chafu, na mafundi wakachangia matengenezo. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kuifumua barabara iliyobomolewa na maji kila baada ya misimu miwili.

Barabara nazo zina wakubwa tofauti. Ile kuu iko chini ya mamlaka ya kitaifa na zile za mitaa ziko chini ya kaunti. Mara nyingi mtaro wa mmoja huishia pale wa mwingine ulipopaswa kuanzia, na maji hayo huingia dukani mwa mtu. Ramani moja ya mitaro yote ya mji, inayoonyesha kila kalvati na upana wake, ingemaliza mabishano mengi. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, chenye wanafunzi wa uhandisi na wa kukabiliana na majanga, kiko papo hapo mjini. Wanafunzi hao wanaweza kuifanya kazi hiyo kama sehemu ya masomo yao, mtaa kwa mtaa.

Kalenda ya serikali inatoa nafasi mbili kila mwaka. Ya kwanza ni mwanzo wa mwaka, wafanyabiashara wanapolipia upya vibali vyao. Huo ndio wakati wa kaunti kuuliza maswali matatu kabla ya kugonga muhuri: maji ya paa lako yanakwenda wapi, oili chafu unamuuzia nani, na chemba yako ilizolewa lini. Miezi hiyo pia ndiyo kiangazi kifupi cha Kakamega, kati ya Desemba na Februari, ambapo shimo linaweza kuchimbwa bila kujaa maji.

Ya pili ni bajeti. Kufikia mwisho wa Februari kaunti hupaswa kupeleka kwenye bunge la kaunti mwongozo wake wa matumizi, na kufikia Aprili 30 makadirio yenyewe, ili mwaka wa fedha uanze Julai 1. Kati ya tarehe hizo wananchi huitwa kwenye vikao vya wadi kutoa maoni, na ombi linalotajwa mara nyingi ni barabara. Wenye maduka na mafundi wa Kakamega wanaweza kwenda mwaka huu na ombi lenye vipimo: kalvati gani ipanuliwe na kwa kiasi gani, ukingo gani wa kijito uachwe wazi, yadi gani ya jua kali iezekwe kwanza, na ni shilingi ngapi zitengwe kwa kuzoa tope kabla mvua za Machi hazijaanza.